Skrini Iliyoshika Sabato

Marehemu alinikonyeza Jumanne asubuhi, muda mfupi baada ya chai ya saa nne. Alikuwa mzee wa watu, mstaafu, suti ya kijivu na tai nyekundu, na familia yake ilikuwa inangoja kitabu chake cha mazishi kiende kuchapishwa. Hiyo ndiyo kazi yangu: vitabu vya kurasa nane, picha mbele, maisha ya mtu katikati, nyimbo nyuma. Nilikuwa nimeikuza picha ili nimfutie doa kwenye paji la uso, macho yake yakawa yamekaa chini kabisa ya skrini. Basi sehemu ile ya chini, upana wa vidole vitatu, ikaingia giza ikatoka, ikaingia ikatoka, na mzee akapepesa macho. Nikasukuma kiti nyuma. Nikamwambia, "Pole mzee, sijamaliza." Nikajicheka, kisha nikaona hakuna cha kucheka.

Kwetu kitu kikiharibika, dawa ya kwanza ni kofi. Niliipiga skrini kofi la ubavuni, lile tulilopigia redio na televisheni tangu utotoni. Ikatulia, ikarudia. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikahamisha feni. Nikaondoa simu mezani, kwa sababu mtu fulani aliwahi kuniambia simu huvuruga skrini. Niliondoa mpaka kalenda ya ukutani, sijui kwa nini. Kila nilichofanya kilisaidia kwa dakika kadhaa, halafu hakikusaidia tena. Kitu kibovu kina heshima yake: kinabaki kibovu, unakijua, mnazoeana. Hiki kilikuwa kinaugua na kupona kwa ratiba yake chenyewe, na mimi si mtu wa subira.

Nikagonga ukuta mara mbili.

Nyumba hizi za Kaloleni zilijengwa kwa kugawana ukuta, na ukuta wangu nimegawana na anti. Si anti wa damu. Alihamia hapa nikiwa shule ya msingi, babangu bado anafanya kazi reli, na sare yangu ya darasa la tatu alinishonea yeye. Ni Mkamba wa Machakos, mjane, Msabato wa kweli, na riziki yake hadi leo ni sare za shule. Tuna desturi yetu ya ukuta. Kugonga mara mbili ni "njoo". Mara tatu ni "chai iko tayari". Mara moja ni panya.

Anti hakawii kuja akiitwa, ila hawezi kuinuka kabla hajafunga kazi yake yote. Hukata uzi, huzima cherehani, hukunja kitambaa, hutafuta mkasi ambao kila siku humpotea na kila siku huwa umemlalia mapajani. Ndipo akaja. Akaipiga teke ndoo yangu ya maji hapo mlangoni, kama kawaida yake, na maji yakamwagika, kama kawaida yake.

"Hii ndoo yako siku moja itaniua," akasema.

"Anti, hiyo ndoo imekaa hapo tangu enzi za mamangu."

"Basi hata yeye nilimwambia."

Akasimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni. Tukaitazama skrini. Mzee wa tai nyekundu naye akatutazama, ametulia, hata ukope hautikisiki.

"Iko wapi hiyo kupepesa?"

"Ngoja kidogo."

Tukangoja mpaka nikaona haya.

"Mimi hakuna kitu naona," akasema, akanipigapiga begani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaondoka akicheka. Sikuwa nimemaliza kupangusa maji yake sakafuni wakati mzee alipoanza tena kukonyeza.

Wiki mbili zilipita hivyo. Nilimwita anti mara sita au saba, na kila alipokuja skrini ilitulia tuli. Mwanzoni ilikuwa mzaha wetu. Alisema skrini inamwogopa. Alisema marehemu amenipenda, anangoja tubaki wawili. Baadaye mzaha uliniishia. Nilimwita kwa hasira, nikaipangusa ile ndoo iliyomwagika kwa hasira, na siku moja nilimwambia asicheke. Akanitazama sana usoni.

"Kwani wewe unaona nini hasa?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa mamangu, nikarudi kupangusa sakafu.

Mamangu alikufa haoni. Ilianza kwa taa. Alilalamika kwamba taa ya sebuleni ina ukungu, ina duara la rangi pembeni, na sisi watoto wake, watu wa kusoma, tukabadilisha balbu. Akalalamika tena, tukabadilisha tena. Tulibadilisha balbu tatu na kishikio kimoja. Ndugu yangu alipanda hata darini kukagua waya. Hakuna aliyefikiria macho ya mwenye kulalamika, maana alikuwa bado anachagua mchele vizuri na kusoma Biblia bila miwani. Tulipomfikisha kwa daktari, akatuambia ni presha ya macho, na kwamba huwa inakula pembeni kimyakimya, ikiacha katikati pazima, hata mwenyewe hajui kinachopotea. Akatugeukia sisi watoto akasema huu ugonjwa hupenda kufuata damu. Akatuambia tuwe tukipimwa kila mwaka. Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Tangu siku hiyo sijawahi kupimwa, hata mara moja.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa. Kuna kitu kinapepesa, nakiona mimi peke yangu, na shahidi mwenye akili timamu anasimama hapohapo na kusema hakuna kitu. Safari ile tulilaumu taa, kumbe ni macho. Je, safari hii nilikuwa nalaumu skrini? Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa mpaka nikawa nafumba jicho moja nikipika, nahesabu vikombe kabatini, nafumba la pili, nahesabu tena.

Nilibaki na tumaini moja, fundi. Ni mwanaume mwenye ndevu zenye mvi ambaye amekuwa akifungua kompyuta za watu tangu zile zenye mgongo mkubwa. Aliibeba skrini kwenye gunia akaenda nayo kibandani kwake. Nikampigia simu siku ya pili.

"Siz, hii screen iko fiti," akasema. "Nimeiwasha tangu jana. Haijatingisha hata kidogo."

"Sehemu ya chini umeiangalia?"

"Chini, juu, kila mahali. Ni ya zamani, taa yake imechoka kiasi, lakini iko sawa. Labda ni stima ya huko kwenu inacheza."

"Balbu zangu hazichezi. Feni haichezi. Redio inaimba vizuri."

"Basi si uende tu wakuangalie macho? Hakuna mbaya."

Hakunilipisha, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angenilipisha. Fundi akikuhurumia ujue una kesi.

Skrini ikarudi, na kupepesa kukarudi. Nikanunua daftari la shule. Nikiwa siwezi kuelewa jambo huwa naliandika, na sijui kama hilo hunisaidia. Niliandika siku na saa. Jumatatu asubuhi, sana. Jumanne, asubuhi na alasiri. Alhamisi, nusu siku hakuna kabisa. Siku hiyo anti alikuwa ameenda sokoni Gikomba kutafuta vifungo na zipu, nikakosa hata mtu wa kumwita. Jumapili, tangu alfajiri. Jumamosi, hakuna. Jumamosi iliyofuata, hakuna. Nikafungua kurasa za nyuma: Ijumaa jua likizama, kimya, hadi Jumamosi jioni.

Nilikaa na lile daftari nikicheka peke yangu kama mwehu. Skrini yangu ilikuwa Msabato. Au macho yangu yalikuwa Wasabato, na mimi mwenyewe nimebatizwa Mkatoliki. Nilijaribu kila maelezo. Labda Jumamosi viwanda hupunguza kazi na stima huwa na nguvu. Labda Jumamosi napumzika. Lakini Jumamosi sipumziki, mazishi mengi huwa siku hiyo na Ijumaa nzima nakimbizana na wachapishaji. Nikaenda hospitali nikaomba siku ya kupimwa macho. Wakaniandikia kadi, Jumatano ijayo. Niliificha ndani ya daftari nisiione.

Jumamosi kabla ya siku hiyo ya kupimwa, shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu yake. Anti alikuwa na sare chungu nzima hazijapindwa, na alikuwa amekaa siku nzima bila kuzigusa, maana kwake Sabato ni Sabato hata nguo zikiungua. Alikuwa amerudi kutoka kanisani na wifi yake anayekaa Njiru, nikawasikia ng'ambo ya ukuta wakiimba taratibu, kisha wakiomba, kuifunga Sabato jua lilipozama. Mimi nilikuwa kwenye skrini nikipanga majina ya wajukuu chini ya picha ya marehemu mwingine, safari hii bibi, na skrini ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Wakasema amina. Kiti kikaburutwa.

Kisha cherehani ikaguruma, na chini ya skrini giza likaingia likatoka.

Ikanyamaza, skrini ikatulia. Ikaguruma tena mshono mrefu, skrini ikapepesa mshono mrefu. Cherehani ya anti ni ya mota, imekaa ubavuni mwa ukuta wetu, na stima ya nyumba zote mbili inapitia mita moja: waya unaingia kwangu, unatoboa ukuta, unaenda kwake. Sauti ile nimeisikia tangu utotoni, kila siku isipokuwa Sabato, mpaka sikuwa naisikia tena. Na kila nilipogonga ukuta kumwita shahidi, shahidi alizima cherehani ndipo akaja.

Nilitoka mbio miguu peku. Nilimkuta kitini, suruali ya kaki mkononi, nikamkumbatia pamoja na suruali.

"Ni wewe, anti! Ni wewe!"

"Nimefanya nini tena?"

Nikamweleza kwa fujo, huku nacheka, huku machozi yananitoka. Sikuwa napofuka. Nilikuwa na skrini mbovu tu, asante Mungu, skrini mbovu. Wifi yake alielewa upesi kuliko yeye. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na kwa kuwa nguo zilikuwa zimejaa chumba kizima, tulicheka wote watatu mpaka mbavu zikauma.

Lakini mimi ni mtu wa ubishi. Zaidi ya mwezi nimeitwa mwongo kwa upole, nilitaka shahidi wangu aone kwa macho yake. Nikamwomba wifi akalie cherehani aiendeshe bila kuacha, nikamshika anti mkono nikamleta kwangu. Akaipiga teke ndoo. Sikujali. Nikamsimamisha palepale anaposimama siku zote.

Skrini ilikuwa inapepesa vibaya. Sijawahi kuiona ikipepesa vile. Bibi wa watu alikuwa na kitenge cha njano, na kile kitenge kilikuwa kinawaka na kuzima. Nilikuwa naiona tangu mlangoni, kabla hata sijaingia.

"Haya," nikasema. "Sasa?"

Anti alikaza macho. Alitazama katikati kabisa, usoni kwa marehemu.

"Sasa nini? Si iko sawa?"

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia, "Anti, wacha."

"Mimi hakuna kitu naona. Huyu ni nani, alikuwa mrembo."

Cherehani ilikuwa inaguruma. Nilinyoosha kidole nikagusa ile sehemu ya chini. Anti akafuata kidole changu, akainamisha kichwa chote, kidevu kikagusa kifua, na hapo tu akashtuka.

"Aaa! Hiyo! Mbona hukuniambia ni chini?"

Nani huambiwa kwamba taa inawaka na kuzima mbele ya uso wake? Alisimama pale akicheka, akishangilia kwamba hatimaye ameona, na mimi nilikuwa natazama maji ya ndoo yanavyotambaa sakafuni hadi miguuni mwake. Nikakumbuka mkasi unaolala mapajani. Nikakumbuka kwamba mamangu naye, wakati tukibadilisha balbu, alikuwa anajikwaa kwenye kigoda kilekile kila asubuhi, na sisi tukimwambia aache haraka. Dakika kumi kabla nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa sauti. Niliona aibu ya ile furaha yangu, na bado sehemu yake ilikuwa haijaniisha.

Kumwambia sikuweza. Mtu anayeshona sare za nusu ya mtaa, mshono umenyooka kama rula, utamwambiaje kwamba haoni? Nilijaribu Jumapili, juu juu. Akaniambia uzi anatia kwenye sindano mwenyewe, bila miwani, na watu wa umri wake hawawezi. Ilikuwa kweli. Akaniambia mimi ndiye niliyekuwa naona mizimu zaidi ya mwezi. Hilo pia lilikuwa kweli. Basi nikatoa kadi kwenye daftari nikasema, "Nimeandikiwa Jumatano. Unajua ya mamangu. Naogopa kwenda peke yangu." Nilidhani namdanganya kwa hekima. Nilipomaliza kusema nilikuwa nimeikunja kadi mara nne, nikajua sikudanganya.

"Tutaenda pamoja," akasema. "Na wanipime na mimi, wasikuonee peke yako."

Kuna mashine moja huko. Unaweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki, jicho moja limefunikwa, unatazama nukta ya katikati, na kila ukiona cheche ya mwanga mahali popote unabonyeza kitufe kilicho mkononi. Kitufe kinalia kidogo, ti. Mimi nilianza. Nilibonyeza kwa pupa kama mtoto anayeogopa kufeli, na muuguzi akaniambia nipunguze. Kisha nikatoka kukaa kwenye benchi nje ya pazia, akaingia anti.

Nilimsikia. Ti. Ti, ti. Halafu kimya. Nikahesabu pumzi zangu. Ti. Kimya tena, kirefu, mpaka nikadhani wamemaliza.

"Mama, kumbuka kubonyeza ukiona taa," muuguzi akasema taratibu.

"Ikija nitabonyeza," anti akasema.

Haikuja. Nilikaa pale nimeshika pindo la pazia, nasikiliza ile taa ambayo ilikuwa inakuja na kuja na yeye haioni.

Macho yangu yalikuwa salama kwa mwaka huu, na nimeandikiwa nirudi mwakani. Yake, jicho la kushoto lilikuwa limepoteza karibu nusu yote ya chini, na la kulia lilikuwa linakaribia hapo. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, kila siku, maisha yote. Anti hakulia. Aliuliza kama ataendelea kushona. Daktari akasema ndiyo, asiache matone. Njiani kurudi alinishika mkono, na tulipofika mlangoni kwangu akasimama ghafla.

"Wewe ulijua," akasema.

"Nilijua tangu Jumamosi."

"Na ukasema ni wewe unaogopa."

"Nilikuwa naogopa, anti."

Akainamisha kichwa, akaiona ndoo. "Ondoa hiyo ndoo," akasema, akaingia kwake.

Niliiondoa siku hiyohiyo. Matone namtia mimi, asubuhi na jioni, kwa sababu mwenyewe huyamwagia shavuni na kulaumu chupa. Kugonga mara nne ni matone.

Fundi alikuja akaangalia waya zote, akasema ziko salama, hakuna hatari. Ni mota tu inavuta na skrini yangu imezeeka. Akaniambia ninunue kisanduku cha kutuliza stima, mambo yataisha. Nimekataa, na hanielewi. Wateja wangu wakija kuangalia picha za watu wao huuliza mbona inapepesa, nawaambia wazoee.

Juzi, siku ya Jumatano, skrini ilitulia tangu saa tatu. Nilifanya kazi nzuri, safi, ukurasa baada ya ukurasa. Ilipofika saa tano nikaona nimeacha kusoma ninachoandika. Nikagonga ukuta mara mbili. Hakuna aliyejibu. Nikagonga tena kwa ngumi, nikawa tayari nimeinuka, natafuta viatu.

"Nini?" akaita. "Nilikuwa natafuta mkasi!"

Nikakaa. Baada ya muda cherehani ikaguruma, na chini ya skrini giza likaingia likatoka.